Wasaa wa Nyumba

Kiangazi kinapoingia katika bonde la Rukwa, mahindi yakawa yamekwisha kupukuchuliwa, na mpunga umekwisha kupigwa, kupepetwa na kutiwa katika magunia, nyumba nyingi za Usevya hukabiliwa na swali moja lisiloweza kuahirishwa: mazao ya mwaka huu yatawekwa wapi? Chumba kilichojengwa kiwe ghala hakikosekani, lakini mlango wake ukisukumwa hukwama nusu ya njia, kwa kuwa nyuma yake imeegemezwa baiskeli isiyo na magurudumu, na nyuma ya baiskeli yamepangwa madumu ya lita 20 yaliyopasuka vitako, na juu ya madumu umetupwa mfuko wa viatu ambavyo kila kimoja kimepotewa na mwenzake. Pembeni limesimama jembe lililolika hata likabaki kipande cha upana wa kiganja. Ukutani imetundikwa redio iliyonyamaza zamani. Na chini kabisa, penye giza na vumbi, yamo madaftari ya watoto ambao leo ni wazazi. Basi magunia mapya hulazwa sebuleni, watoto waliokuwa wakilala sebuleni huhamishiwa jikoni, na familia nzima huishi kwa kujibana miezi kadhaa kwa ajili ya vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao anayevitumia.

Usevya ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Ni nchi ya asili ya Wapimbwe, ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakiishi pamoja na Wasukuma waliokuja na mifugo yao, pamoja na Wafipa na watu wa makabila mengine. Upande wa kaskazini imetanda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, na riziki ya walio wengi hutegemea jembe, mvua na ng'ombe. Msomaji aweza kustaajabu kusikia kwamba watu wa nchi kama hiyo, ambao aghalabu huhesabiwa miongoni mwa wenye vichache, wanahitaji kuzungumziwa habari za kupunguza vitu. Lakini wingi wa vitu haupimwi kwa thamani yake sokoni. Hupimwa kwa nafasi vinayoikalia, kwa kazi vinayoidai, na kwa madhara vinayoyazaa. Na kwa kipimo hicho nyumba ya vyumba vitatu yaweza kulemewa zaidi kuliko kasri. Muradi wa makala hii ni kueleza vitu hivyo vilikujaje, kwa nini kuagana navyo ni kazi nzito, na kwa njia gani familia ya kawaida yaweza kuvipunguza bila israfu, bila ugomvi na bila kuwavunjia wazee heshima.

Zama za kitu chenye safari

Watu wa kale wa magharibi ya Tanganyika hawakuwa na haja ya kufundishwa kupunguza vitu, kwa sababu maisha yenyewe yalikuwa yakiwapunguzia. Bidhaa ya kigeni iliyofika huku katika karne ya 19, ikiwa shanga, ikiwa kaniki au merikani, ilikuwa imebebwa na wapagazi kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, Ujiji na Karema. Na kitu kilichovuka nchi kwa taabu kubwa namna hiyo hakikusahauliwa pembeni. Chuma nacho kilitoka karibu: jirani zao Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, na jembe lililotokana na kazi hiyo lilikuwa na hadhi ya kutolewa mahari. Jembe likilika lilirudi kwa mhunzi likafuliwa upya, likawa kisu au shoka. Chungu kikivunjika kilirudi udongoni. Mkeka ukichakaa uliliwa na mchwa. Hapakuwa na kitu kilichokufa kikabaki chumbani kama maiti asiyezikwa.

Na nyumba yenyewe haikuwa ya kudumu. Nyumba ya miti, udongo na nyasi haikuishi miaka mingi, na ardhi ikichoka familia ilihamia ardhi nyingine, ikachukua kile tu kilichoweza kubebwa kichwani na begani, hata kila kuhama kukawa ni kuchagua. Baadaye kuhama huko kulikuja kwa amri: katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wengi wa magharibi katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale yanayoenezwa na mbung'o, na kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikawakusanya tena, safari hiyo nchi nzima. Hata wakimbizi walioiacha Burundi kwa sababu ya mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi katika Katumba na Mishamo, ndani ya mkoa huu huu, walianza maisha mapya na vile tu walivyoweza kukimbia navyo. Lakini vijiji vilipotulia, nyumba zikaanza kujengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa kwa bati, zikakusudiwa zimpite umri aliyezijenga. Na nyumba inayodumu hukusanya, kwa kuwa siku ya kuhama, iliyokuwa ikimlazimisha kila mtu kuuliza kipi kibebwe na kipi kiachwe, haiji tena.

Njia za bidhaa nazo zikapanuka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na ijapokuwa machimbo hayo yalifungwa mwaka 1960, treni iliendelea kuleta bati, sufuria, baiskeli na vitambaa. Yakafuata malori, zikafuata bodaboda, na leo ndoo ya plastiki hufika mnadani kwa bei nafuu kiasi kwamba hakuna fundi awezaye kuishi kwa kuziba ndoo zilizotoboka. Kitu kimepoteza safari yake ndefu, na pamoja na safari hiyo kimepoteza heshima yake: huja upesi, huharibika upesi, lakini hakiondoki upesi.

Uhaba ulivyotufunza kulimbikiza

Kama mambo yangekuwa hayo tu, dawa ingekuwa nyepesi. Lakini iko sababu nyingine, yenye mizizi katika kumbukumbu za watu walio hai, na asiyeijua atawalaumu wazee bila haki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na udhaifu wa uzalishaji wa nchini viliiacha Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980 na maduka yaliyo matupu. Sabuni, sukari, khanga na betri vilitafutwa kwa foleni za tangu alfajiri. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha kampeni kali dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, hata kukutwa na shehena ya bidhaa nyumbani kukawa jambo la hatari. Na ilipofika mwaka 1984 ndipo masharti yalipoanza kulegezwa, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba ikaanza kumiminika nchini.

Mtu aliyekuwa mama kijana katika miaka ile alijifunza somo asiloweza kulisahau: kwamba kitu kikiondoka hakirudi, na kwamba kipande cha khanga, kifuniko kisicho na chombo na msumari uliopinda vyote vina siku yake. Somo hilo lilikuwa hekima. Lilivika watoto na kupika uji katika siku ambazo fedha yenyewe haikuwa na cha kununua. Tatizo ni kwamba hekima ya uhaba imeendelea kutawala katika nyumba ambazo uhaba wa vitu umekwisha kutoka, ijapokuwa uhaba wa fedha haujatoka. Na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Familia yaweza kukosa ada ya shule na wakati uo huo ikawa na mashuka kumi yaliyochanika, kwa kuwa shuka la mtumba hupatikana mnadani kila mwezi, na ada haipatikani mnadani.

Na mitumba hiyo ina habari ya kutufunza. Katika nchi za matajiri kumezuka elimu nzima ya kupunguza vitu majumbani. Marie Kondo, mwanamke wa Japani ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, aliwafundisha mamilioni ya watu kukusanya pamoja vitu vya aina moja, kukishika kila kimoja mkononi, na kubaki na vile tu vinavyouletea moyo furaha. Na Margareta Magnusson wa Uswidi, katika kitabu kilichosambaa duniani tangu mwaka 2017, aliwahimiza wazee wapunguze mali zao mapema ili wasiwaachie watoto mzigo. Mafundisho hayo ni mema, lakini yana swali lililobaki nyuma yake, nalo ni kwamba nguo iliyotolewa katika kabati la Ulaya au Marekani haitoweki: sehemu kubwa hufungwa katika marobota, husafirishwa kwa meli, na kufunguliwa katika minada ya Afrika. Zisizonunuliwa huishia katika majalala, au, kama inavyoonekana kaskazini mwa Chile, katika vilima vya nguo vilivyotupwa jangwani Atacama. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuipunguza mitumba hatua kwa hatua. Ni Rwanda iliyoshikilia ushuru mkubwa, na Marekani ikaiondolea mwaka 2018 fursa ya kuuza huko mavazi bila ushuru.

Usevya, kwa hiyo, iko mwisho wa njia hiyo. Watu wa Stockholm wakipunguza vitu, viko vijiji vya kuvipokea; Usevya ikipunguza vyake, hakuna mahali pa chini yake pa kuvipeleka. Ndiyo maana kupunguza vitu kwetu hakuwezi kuwa kutupa. Ni lazima kuwe kukirudisha kitu katika mzunguko: kutoka kwa asiyekitumia hadi kwa atakayekitumia, kutoka kwa aliyekivunja hadi kwa awezaye kukitengeneza, na kutoka katika umbo lililokufa hadi katika umbo jingine lenye kazi.

Gharama isiyoonekana

Kabla ya kueleza namna, yafaa ijulikane gharama. Wako wanaodhani kwamba kitu kilichowekwa pembeni hakidai chochote. Lakini mkulima wa magharibi ya Tanzania ana adui anayekaa katika pembe hizo hizo, naye ni dumuzi, mdudu wa urefu wa milimita tatu au nne hivi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, ambaye uharibifu wake barani Afrika ulibainika kwanza katika mkoa wa Tabora, jirani wa Katavi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa katika magunzi bila kinga yaliweza kupoteza takriban theluthi moja ya uzito wake katika miezi michache. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba dumuzi hatoboi mahindi na mihogo mikavu tu. Hutoboa mbao pia, na humo hujificha mavuno yakiisha. Chukua ubao wa kichanja cha zamani uliolazwa ghalani miaka mitatu kwa hoja ya kwamba huenda ukafaa, uugonge sakafuni mara moja: utaona unga mwembamba ukimwagika kutoka katika matundu ya upana wa kichwa cha pini, na huo ni ushahidi kwamba mavuno ya mwaka huu yanawekwa karibu na aliyeyala ya mwaka jana.

Panya naye hahitaji kualikwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza panya shamba kwa miaka mingi, na inajulikana kwamba jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Kinachomzuia kuenea ni kukosa chakula na kukosa maficho, na chumba kilichorundikwa magunia matupu humpa maficho bora kuliko kichaka. Hata mifuko ya kisasa ya kuhifadhia nafaka, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa bila haja ya dawa, haifai kitu katika ghala lenye panya na vyuma vyenye ncha, kwa kuwa tundu moja huibatilisha kazi yake. Nje ya nyumba, makopo na matairi yaliyoachwa uani hukinga maji ya masika, na humo huzaliana mbu wanaoeneza homa ya dengi.

Juu ya hayo iko gharama ya jasho, ambayo mara nyingi huangukia wanawake na mabinti. Kila kitu kilichomo nyumbani hufutwa, huhamishwa wakati wa kufagia, huanikwa kikilowa, na hutafutwa kikichanganyika na vingine. Mama anayepanga upya rundo lile lile kila Jumamosi ili apate njia ya kufikia ungo wake hutoa muda wake bila malipo kwa vitu ambavyo havimsaidii, na muda huo ungemtosha kupumzika, au kumsikiliza mtoto akisoma, au kwenda kikobani kuweka akiba yake. Wasaa katika nyumba ni mali, kama vile shamba na fedha vilivyo mali, na familia inayoipoteza kidogo kidogo haina budi ijue kwamba inapoteza.

Namna ya kuifanya kazi

Wakati mzuri ni kiangazi, siku chache kabla ya mazao kuingizwa ndani, kukiwa na jua la kuanikia na hakuna mvua ya kuharibu kilichotolewa. Vitu vitolewe vyote uani, visikaguliwe gizani. Kitu kilichomo gizani hutetewa kwa kumbukumbu, bali kitu kilichowekwa juani hujieleza chenyewe. Vipangwe kwa aina: madumu pamoja na madumu, viatu pamoja na viatu, nguo pamoja na nguo. Familia iliyodhani ina madumu manne itakuta ina kumi na moja, na kwa kuyaona pamoja itajua bila mhubiri kwamba matano mazima yanatosha maji ya kutwa.

Kisha viwekwe mafungu manne. Fungu la kwanza ni la vinavyotumika, na vya msimu kama mundu na chandarua cha akiba havikosi haki kwa sababu havitumiki kila siku. Fungu la pili ni la vinavyotengenezeka. Lakini kila kilichomo sharti kitajiwe fundi wake na siku yake ya kupelekwa, kwa maana kitu kinachongoja kutengenezwa bila kutajiwa fundi kimekwisha kuhukumiwa kubaki. Fungu la tatu ni la kutoa au kuuza: nguo zilizo nzima kwa jirani mwenye watoto wadogo, vitabu kwa shule, sahani na masufuria ya ziada kwa kanisa, msikiti au kikundi cha kupikia shughuli, na vyuma kwa mnunuzi wa chuma chakavu apitaye na mizani yake. Kutoa kuwe kwa staha: nguo ifuliwe kwanza na kifungo kishonwe, kwa kuwa anayempa mwenzake uchafu wake hajatoa, amehamisha.

Fungu la nne, la vilivyokwisha kabisa, ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa, na watu wengi hukosea hapa kwa kuwasha moto. Nguo za pamba, mikeka na magunzi yaliyotobolewa na wadudu vyaweza kuchomwa. Plastiki isichomwe karibu na nyumba, kwa kuwa moshi wake una sumu, na dumu lililopasuka ni heri likatwe likawa kitalu cha mchicha. Chupa na makopo ya dawa za tumbaku, pamba au mifugo yasitumiwe kamwe kuwekea maji wala mafuta, hata yakioshwa mara ngapi. Yatobolewe na yawekwe mbali na watoto hadi ushauri wa bwana shamba upatikane. Betri za umeme wa jua zilizokufa, ambazo sasa zimo katika nyumba nyingi, zina risasi na tindikali ndani yake, na risasi ile ile iliyoletewa reli hadi Mpanda ni sumu inayoudhuru ubongo wa mtoto. Zisivunjwe uani, zirudishwe kwa mfanyabiashara anayezikusanya zikiwa nzima.

Katika kazi hiyo yatapatikana pia yaliyosahauliwa yenye thamani kuliko vyote, yaani makaratasi. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, vitambulisho, na hati za haki miliki ya kimila zinazotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, aghalabu hutawanyika chini ya godoro na ndani ya mikoba chakavu, zikaliwa na mchwa kabla ya siku ya kuhitajiwa. Zikusanywe katika sanduku moja la bati, lenye kufuli, lililoinuliwa juu ya sakafu, na watu wazima wawili wa nyumba wajue lilipo. Hata kama familia haitafanya lolote jingine katika haya yote, hili moja lisiachwe.

Adabu ya kuamua

Liko jambo moja linaloharibu kazi hiyo katika nyumba nyingi, nalo ni kijana kuamua juu ya kitu cha mzee bila idhini. Mwana aliyerudi kutoka Mpanda au Dar es Salaam na fikra mpya za unadhifu huona takataka. Mama yake huona miaka yake. Kanuni iwe kwamba kila mtu ana mamlaka juu ya vyake, na juu ya vya mwingine ana haki ya kuuliza tu. Mkaza mwana mwenye busara huanza kwa salamu, hupokea "Marahaba, mwanangu," kisha husema: "Mama, naomba unieleze habari za masufuria haya yaliyotoboka." Mama atajibu, "Haya niliyapata mwaka wa foleni, nililala nje ya duka na mumeo mgongoni." Hapo asijibiwe kwamba masufuria hayafai tena. Ajibiwe: "Basi mama, uchague moja ulipendalo tulitundike mahali wajukuu watakapoliona, uwasimulie, haya mengine tuyauze kwa uzito tupate moja zima la kupikia." Mara nyingi kinachoshikwa na mzee si chombo chenyewe, bali hofu kwamba kikiondoka, habari yake itaondoka nacho; na habari ikipata mahali pake na msikilizaji wake, mkono hulegea wenyewe.

Vivyo hivyo kwa nguo za marehemu, ambazo hukaa masandukuni miaka mingi kwa sababu hakuna anayethubutu kuzigusa. Haraka haifai, wala kuchelewa milele hakufai. Familia ikutane baada ya matanga kwa siku iliyokubaliwa, kila wa karibu apewe kumbukumbu moja, na zilizobaki zivaliwe na walio hai, kwa kuwa joho la baba likimwepusha kijana na baridi ya Juni limemheshimu baba kuliko likiliwa na nondo.

Uhaba si kiasi

Historia yetu imewafanya wengine waogope kusikia habari za maisha mepesi, wakadhani ni wito wa kurudi katika dhiki. Mwalimu Nyerere aliishi kwa kiasi na alitaka viongozi waishi hivyo: mwezi Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na Azimio la Arusha, la tarehe 5 Februari 1967, likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye nchi iliingia katika uhaba, na katika fikra za watu mambo hayo mawili yakaunganishwa kana kwamba moja ni mwana wa jingine. Lakini tabia zake ni kinyume: uhaba humwangukia mtu bila hiari, ukamfunza kulimbikiza; kiasi huchaguliwa na mtu mwenye hiari, kikamfunza kuachilia. Aliyeuonja uhaba bila kujifunza kiasi atajaza nyumba yake siku ya kwanza apatapo fedha, na hatashiba.

Kwa hiyo kupunguza vitu siku moja ya kiangazi hakutoshi kama mlango unaoingiza vitu umebaki wazi. Mnadani mtu ajiulize kabla ya kutoa fedha: kitu hiki kitafanya kazi gani ambayo nilicho nacho hakiwezi, kitakaa wapi, na kikivunjika kitaenda kwa nani? Katika shughuli za kumfunda bibi arusi, ambapo ndugu na marafiki hununua mabeseni na seti za glasi zinazoishia kupambwa kabatini bila kuguswa, watoaji wapatane mapema wachangie vichache vilivyo imara: godoro zuri, jiko sanifu linalobana kuni, mbuzi wa kuanzia ufugaji, au hisa katika kikoba. Dini zetu zote mbili kubwa zimelaani israfu na kulimbikiza, na zimeisifu sadaka. Hapana muumini wa Usevya atakayeona jambo hili kuwa geni kwake, ila atakayeona kwamba amelisikia mara nyingi na hajalifanya.

Kubwa kuliko yote ni haki ya wanaokuja nyuma yetu. Ugomvi mwingi wa mirathi hauzuki juu ya mali kubwa. Huzuka juu ya vitu ambavyo mwenyewe hakusema ni vya nani, katika nyumba ambayo hakuna aliyejua ndani yake mna nini. Mzee anayegawa vyake akiwa hai, kwa mkono wake na kwa maneno yake, akisema baiskeli hii ni ya mjukuu fulani kwa sababu ndiye aendaye mbali shuleni, na shamba hili hati yake imo sandukuni, huona shukrani kwa macho yake mwenyewe na huwaondolea watoto wake sababu ya kushitakiana. Kazi hiyo haingoji utajiri wala uzee. Yahitaji siku moja ya jua, familia iliyokubali kuketi pamoja uani, na moyo unaoamini kwamba kitu kizuri chafaa zaidi mkononi mwa anayekitumia kuliko ndani ya chumba cha anayekiogopea.